Mwenye Anauliza Juu ya Sukari

Muuaji ni ule mwenye anauliza komisere wa polisi kama anatia sukari mu kahawa. Ile njo ilikuwa sheria ya mama Kanyere mbele ya tele, na tangu miaka mbili haikumudanganya ata siku moja. Komisere anapiga ku mulango, bwana moja wa suruali ya pasi anafungua, anasema karibu, anatosha bikombe bidogo, anauliza: sukari? "Ni ye," Kanyere anasema, na anaendelea kuchambula maharagi yake. Kisha pale komisere anazunguka saa nzima, anasumbua bajane, anapimisha udongo wa biatu, mupaka ku mwisho anarudia kwa bwana wa sukari na pingu mu mufuko.

"Sasa kama umeshajua, unaangaliaka ya nini?" Kitsa alimuuliza siku moja.

"Nione ye atajua namna gani. Komisere hana akili yangu, lakini ana uvumilivu."

Kitsa alikuwa jirani, muzee wa miaka makumi saba na moja. Zamani alikuwa shofere wa malori ya makabichi, na ile kazi ilimuachia mugongo mubovu na kinywa kizima. Kila siku ya kazi, saa munane ya muchana, kama pano ya solere yenye inawasha tele imekamata jua muzuri, alikuja kwa Kanyere na kiti yake mwenyewe ku mukono, juu alisema biti bya Kanyere bimeshaangusha batu benye mugongo muzuri kupita yake. Banakaa mu salon, banaangalia filme za polisi zenye shene moja ya tele ya antene ilikuwa inapitisha mu Kifaransa. Kitsa njo alivumbula kama zinatoka kwa Bajermani. Aliona mutokari ya polisi, jina limeandikwa na Z.

"Polisi ya Z," alisema, "ni polisi yenye haikimbiake."

Pale njo mabishano ilianza, na haikuisha. Kitsa alisema Bajermani hawajui kutengeneza filme. Mutu amekufa tangu asubui na bao banaongea. Banaenda ku biro, banaongea. Banaingia mu mutokari, hawaongee tena, banaangalia mvua. "Mimi kama ningekawia vile ku barabara ya Kisangani, makabichi ingefika ikiwa supu."

Kanyere hakukataa. Aibu za zile filme alizijua kuliko Kitsa. Midomo inafunga na sauti inaendelea, kama padri mwenye amesahau ku mahubiri yake kuna Amina. Pori ni ileile kila wiki. Mbwa njo anaonaka maiti, kila wiki mbwa. Na Kifaransa yenyewe ilikuwa inapita mbio, na Kanyere alisomea mupaka ya sita primeri tu. Kwenye hakusikia, alijaza ye mwenyewe. Komisere alikuwa anasema mambo mazuri sana mu Kiswahili ya Kanyere, mambo yenye Mujermani hakumuandikia.

"Lakini angalia, Kitsa," alisema. "Mutu moja. Moja tu. Na muji muzima unasimama. Nani alimuona mwisho, alikula nini, kiatu ya kushoto iko wapi. Bananyamaza mbele ya mutu moja mwenye amekufa, banamuandika jina."

Kitsa alisogeza kiti yake karibu ya tele. Bote babili balikuwa na batu kule Beni, na ku mashamba ya Vuhovi, benye bamezikwa kumi kwa shimo moja, na hakuna mwenye alikuja kuuliza balikula nini.

"Njo maana unapendaka," Kitsa alisema.

"Njo maana."

Lakini Jumatano yenye tunasema, Kanyere hakuwa na roho ya mabishano. Alikuwa anaogopa. Woga ulianza siku ya Mungu magaribi, saa telefone ya mujukuu wake iliacha kuitika.

Mujukuu wake Jemima, mushonaji, binti wa miaka makumi mbili na tano, mwenye Kanyere alimulea ye mwenyewe, alienda Beni siku ya tano, Ijumaa, ku kilio, matanga ya shangazi mu mutaa wa Mulekera. Alipashwa kurudi siku ya kwanza, Jumatatu. Siku ya kwanza ilipita. Siku ya pili ilipita. Kila wakati Kanyere anapiga telefone, mama moja wa sauti ya upole anasema Kifaransa kileile, na Kanyere ameshaanza kumuchukia ile mama kama mutu mwenye anamujua. Kutoka Butembo mupaka Beni ni kilometre makumi tano na ine. Batu ba Butembo banazijua kama shanga za rozari, na banajua ni ku shanga gani bashofere banaachaka kuongea.

Kanyere hakusema kitu. Kusema ni kuita. Aliwasha tele saa munane kama kila siku, juu kama angeacha kuwasha, jirani bangejua.

Na kulikuwa kitu ingine. Kulikuwa Mardochée.

Mardochée alikuwa mupangaji wake mu aneksi, kanyumba ka nyuma, mufanyakazi wa serikali mwenye balitumaka kutoka Kasaï, upande ingine wa inchi, kijana wa miaka makumi tatu, mupole, wa biatu bya kungaa. Ku mwanzo alikuwa anakula maharagi ya Kanyere, anacheka, anamuangalia mu macho. Kisha, tangu miezi mbili, alibadirika. Anamusalimia anaangalia biatu. Kama Kanyere anaingia, anasimama, anatoka. Kama banamupa sahani, anasema, "Pardon maman, nimeshiba," na tumbo inalia. Akiona Kanyere amekaa pa mulango, anazunguka kiwanja, parsele yote, na kupitia nyuma. Na asubui ya siku ya kwanza, ye pia alienda Beni, kazi ya serikali.

Mutu mwenye anabadirika ana kitu, komisere alisemaka. Na ile komisere aliisema kweli, Kanyere hakuongeza neno.

Saa saba na nusu ile Jumatano, Kanyere alisikia mulango mudogo wa nyuma. Aliangalia. Mardochée alikuwa anaingia na koti ku mwili mu jua kali ya vile, na kitu chini ya koti, amekumbatia. Hakusalimia. Alijifungia.

Filme ilianza. Kitsa alikuwa hajafika. Mu filme, mutu moja alifungua nyuma ya mutokari yake, alikamata burosi, alianza kusugua tapi ya chini ya biti. Kwa-kwa-kwa. Kwa-kwa-kwa. Kanyere alichoka na ile makelele, alikamata telekomande, alikata sauti.

Kusugua kuliendelea.

Alikaa vile, telekomande ku mukono. Ku tele, burosi ilikuwa inaenda na haina sauti. Nyuma ya nyumba, sauti ilikuwa inaenda na haina burosi. Kwa-kwa-kwa.

Alisimama. Aliingia mu jikoni polepole, alisogeza rido ya dirisha na kidole moja. Mardochée alikuwa amechutama nyuma ya aneksi, mikono ya shati imekunjwa, mbele ya beseni. Mu beseni kulikuwa saki, mufuko wa safari. Saki ya bulu. Mukono wa ile saki ulishonwa na uzi wa kijani, na Kanyere alijua ule uzi, juu ye mwenyewe njo aliushona siku uzi wa bulu ulimuishia. Ni saki yenye Jemima alitoka nayo siku ya tano.

Maji ilikuwa nyekundu. Mikono ya Mardochée ilikuwa nyekundu mupaka ku kisukusuku.

Kijana aliinua uso. Aliona Kanyere mu dirisha. Na palepale alitupa macho chini, na alivuta beseni mu kivuli ya ukuta.

"Hapana toka, maman," alisema na Kiswahili yake ya Kasaï. "Bakia kule. Mi nakuja."

Kanyere alisukuma komeo ya mulango. Alitafuta kwenye ataketi, hakuona. Alitafuta Bikira Maria ku ukuta, aliona calendrier. Sufuria kubwa ya chama ya bakristu, ya kupikia batu makumi ine, ilikuwa inatundikwa ku musumari. Aliitosha. Alikamata mwichi wa kutwangia.

Lazima kujua sufuria ni nini kwetu. Hawapigiake sufuria mwizi wa kuku. Hawapigiake mulevi. Tangu bauaji banaingiaka mu mitaa, kule Beni na huku Butembo, sufuria inasema neno moja tu: bameingia, bako hapa. Mwenye anapiga ameona na macho yake. Mwenye anasikia anapiga yake, na wa kwake jirani anapiga yake, na wenye nguvu banatoka na kile kiko ku mukono. Kanyere hakuwahi kupiga. Miaka yote ile, alijibu tu za bengine.

Alipiga. Alipiga mupaka mwichi ulitaka kumuponyoka. Ku parsele ya pili balijibu, kisha ya tatu, kisha mutaa wote ulikuwa chuma.

Balikuja mbio kuliko polisi yoyote ya Z. Balivunja mulango wa nyuma. Ku mbele alikuwa Delphin, mukubwa wa bamotari, bale ba pikipiki za kubeba batu, ba pa kona, mwenye kaka yake alienda shambani kule Beni, upande wa Ruwenzori, na jembe njo ilirudi. Kanyere alitoka pa mulango wa jikoni, sufuria ku kifua.

"Koko," Delphin alisema, vile banaitaka bamama bazee. "Ni nani?"

Kanyere aliinua kidole.

Ni kile tu. Hakuuliza kitu, hakupima udongo, hakuandika jina. Kidole kilitoka ku kikwembe chake na kilimuonyesha Mardochée, mwenye alikuwa amesimama na mikono nyekundu, na macho chini.

Balimuangukia. Mama moja aliona beseni, alilia, "Ni saki ya Jemima," na lile jina lilipita mu batu kama moto mu majani. Mardochée alisema kitu mu Kifaransa, kisha mu Tshiluba, luga ya kwabo, juu woga ulikuwa umemunyanganya Kiswahili kile kidogo alikuwa nacho. "Munasikia luga gani?" mutu aliuliza. "Si wa huku," mwingine alijibu, na ile ilitosha. Shati ilipasuka. Kiatu kimoja cha kungaa kiliruka juu ya paa ya aneksi. Delphin alirudi ku pikipiki yake, alichomoa kampira ka mafuta, aliweka ku shupa ya maji. Esanse, mafuta ya pikipiki, ilianza kushuka mu shupa, na sauti yake ilikuwa ndogo, kama mutoto anakojoa.

Kanyere aliisikia. Kati ya makelele yote ile, ile njo alisikia.

Harufu ya esanse ilimufikia. Na chini ya ile harufu, ilimufikia ingine, tamu, nzito, ya nyumba. Aliijua mbele ya kukumbuka jina. Aliangalia beseni. Wekundu ulikuwa umepanda juu ya maji, umejitenga miviringo miviringo, kama macho ya muchuzi. Damu haifanyake vile. Kanyere alishachinja kuku na mbuzi za Noeli za kutosha. Damu inazama, inachanganyika na maji. Haipandake juu kuangalia batu.

Mafuta ya ngazi, mawese. Mafuta mupya ya Beni.

Woga wenye alikuwa nao tangu siku ya Mungu ulitoka, na ingine mukubwa kuliko ule uliingia, juu huu ulitoka ku kidole chake mwenyewe. Mu filme komisere anakosaka pia. Kila mara, karibu dakika ya makumi ine, anafunga mutu mwenye si ye. Kisha anamurudishia mukaba na kamba za biatu, anasema pardon, na mutu anarudi kwake mu mvua. Bajermani hawakuonyeshaka ata siku moja kwenye dakika ya makumi ine haiko.

"Muache," alisema. "Delphin, muache, nimekosa."

Hakuna mwenye alisikia. Kitsa alikuwa amefika pa mulango na kiti yake, mugongo yake ilimukataza kusukumana, alikuwa anaita tu, "Muulize kwanza, muulize kwanza," kama mutu anaita kuku mu mvua. Shupa ilikuwa imejaa nusu.

Kanyere alitaka kulia. Lakini alijua kama analia, batasema anamulilia Jemima, na kibiriti itatoka mbio zaidi. Basi aliweka sufuria chini, alipita chini ya mikono ya batu, ye mufupi, alipiga magoti mbele ya beseni. Aliingiza mikono yote mbili mu ule wekundu. Aliitosha, ilikuwa inatiririka mupaka ku bisukusuku byake. Alilamba.

Mama mwenye alilia jina la Jemima alipiga kelele na alirudi nyuma. Kisha bote balirudi nyuma. Makelele ilikatika kama mutu amekamata telekomande. Balikuwa banamuangalia mama muzee wa miaka makumi sita na munane analamba vidole moja moja.

"Inakosa chumvi," Kanyere alisema.

Aliinua macho, alitafuta mukubwa wa bamotari.

"Delphin. Kuja ulambe."

"Koko..."

"Kuja. Ulikimbilia sufuria yangu. Sufuria inaendaka na mafuta. Ama unafikiri nilikuitia nini?"

Delphin alikaribia, shupa ku mukono. Hakulamba. Aliinama, alinusa, alinusa tena.

"Ni ngazi," alisema.

"Mu saki yake," Mardochée alisema kutoka chini, Kiswahili inamurudia kipande kipande. "Bido ya mafuta ilipasuka mu mutokari. Barua. Kuna barua."

Barua ilikuwa mu kamufuko ka ndani ya saki. Mafuta ilikuwa imeinywa mupaka karatasi iligeuka kama kioo. Mutu angeona mukono wake ngambo ya pili. Lakini wino ya biki haikutoka. Kitsa hakuwa na lineti za macho, Kanyere hakuwa na macho ile saa. Delphin njo aliinua barua ku jua na alisoma, shupa ya esanse katikati ya miguu yake.

"Koko, telefone yangu ilianguka mu maji, usihangaike. Familia imesema tubakie mupaka siku ya posho, Jumamosi, kumaliza kilio. Nakutumia mafuta na Mardochée, na kikwembe kidogo. Usimutie woga. Iko neno anatafuta kukuambia, miezi mbili sasa, lakini kwabo mwenye anataka kuoa hawezi kuangalia mukwe wake mu macho, wala kula mbele yake, wala kumupa kitu kichafu. Umuulize weye. Umuulize polepole, kama ule komisere wako."

Delphin alikunja barua. Mutu moja alianza kucheka ku nyuma, kicheko kibaya, cha kutosha woga, na kilikamata bengine.

Kanyere hakucheka. Marehemu bwana yake, mbele ya kumuoa, alikuwa anazunguka shamba nzima ya ndizi ya bakwe asikutane na mama ya Kanyere. Miaka mbili alipitia mu matope, na ile mama alisifu ile matope mupaka siku ya kufa. Kanyere alijua ile heshima mbele ya kujua kusoma. Na miezi mbili ile heshima ilimupita mbele ya macho kila siku, na aliiangalia na macho ya kuazima, na aliita muuaji.

Alisimama, alijipanguza mikono.

"Muende," aliambia batu. "Nilisinzia mbele ya filme. Nilipigia sufuria muuaji wa mu tele. Muende museme Kanyere amezeeka, ni kweli."

Balienda, polepole, bengine banacheka, bengine hapana. Mama wa nyumba ya mbele hakumusalimia. Delphin alirudisha esanse mu pikipiki, na Kanyere alibakia kusikiliza mupaka tone ya mwisho.

"Koko," Delphin alisema, hajamuangalia. "Siku ingine utapiga, batu batasema ni filme."

"Najua."

"Na kama si filme?"

Kanyere aliokota sufuria, alipanguza udongo. Delphin alipiga pikipiki kiki, alienda.

Mu salon filme ilikuwa imeisha, tele bado haina sauti. Kitsa alikaa ku kiti yake kama mutu mwenye ametembea kutoka Kisangani. "Ni nani aliua?" aliuliza, juu alipashwa kuuliza kitu.

"Sijui. Sikuona."

Nyuma, Mardochée alikuwa amekaa pa ngazi ya aneksi, kiatu kimoja ku muguu, mudomo umevimba. Kanyere alichemusha maji ya kahawa. Alitosha bikombe bidogo, bile bya bageni. Kidole cha mukono wa kuume alikikunja ndani ya kikwembe na alibeba na mukono wa kushoto, juu hakutaka kile kidole kionekane tena ile siku. Alikaa chini, ku udongo, chini kuliko ye, na hakumuangalia.

"Ulikuwa na neno, mwana," alisema. "Niko nauliza polepole. Ata kesho utajibu."

Kijana alipokea kikombe na mikono mbili.

"Unatia sukari?" Kanyere aliuliza, na alisikia namna sauti yake ilitoka, kama ya ule bwana wa suruali ya pasi.

Mardochée alitikisa kichwa: ndiyo. Kisha aligeuka, alimupa mugongo, juu ya heshima, asikunywe mbele ya mukwe, na alikunywa. Shati ilikuwa imepasuka ku mugongo mupaka ku mukaba.